Pete ya Jua Juu ya Mto Katuma: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kupatwa kwa Jua na Kutazama Wanyama

Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, kivuli cha mwezi kilivuka Ziwa Tanganyika kutokea Kongo, kikaingia mkoa wa Katavi na kupita juu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kikateremka kuelekea Mbeya, Njombe na Ruvuma, kikatokea Msumbiji, kikaenda Madagascar hadi kisiwa cha Réunion. Kilele cha tukio lile kwa dunia nzima kilikuwa hapahapa kusini mwa Tanzania, saa sita na dakika saba, na pete ilidumu dakika tatu na sekunde sita. Umati ulijazana Rujewa wilayani Mbarali, ambako barabara ya lami inafika na ambako magazeti na redio viliwaelekeza watu. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa mmoja wa waliohangaika kwa miezi kadhaa kuwaeleza Watanzania nini kinakuja na watazame vipi. Katavi, iliyopata pete ileile kwa takribani dakika tatu, haikusemwa sana.

Kwa anayependa wanyama na anga kwa pamoja, nafasi ya namna ile ni adimu mno. Septemba ndiyo Katavi yenyewe: nyasi zimekauka, maji yamebaki vidimbwi, viboko wamerundikana, mamba wamejichimbia mapango kwenye kingo za mto, nyati wanatembea kwa makundi makubwa kutafuta tope la kunywa. Halafu juu ya yote hayo jua linageuka pete. Asiyejua kupanga, hata hivyo, angeweza kuwa mle ndani siku ile akakosa yote mawili: gari likiwa msituni linafukuzana na simba wakati pete inafungwa juu ya miti.

Haya yafuatayo ni kwa atakayetaka kujaribu tena. Na ipo ya kujaribu. Jumatano ya tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa jua kipete kutaanzia Angola asubuhi, kutapita Zambia na Tanzania, kisha kutavuka bahari hadi kusini mwa India na Sri Lanka.

Anza na ramani, hifadhi baadaye

Watu wengi hupanga kinyume. Huchagua hifadhi wanayoipenda, hulipia kambi, ndipo huuliza kama pete itaonekana pale. Tembo ukimkosa leo utamwona kesho. Mwezi na jua havina kesho. Kwa hiyo jambo la kwanza ni njia ya kivuli, na kila kitu kingine kikunjwe kuifuata.

Njia hiyo ni nyembamba. Ile ya 2016 ilikuwa na upana wa kama kilomita 100 tu. Aliyekuwa Dar es Salaam au Arusha siku ile aliona jua lililomegwa, na tofauti ya jua lililomegwa sana na pete kamili ni kubwa kuliko asilimia zinavyoonyesha. Fungua ramani za NASA, au zile za Mfaransa Xavier Jubier ambazo zinakuruhusu kubonyeza sehemu yoyote na kupata saa, muda na kimo cha jua. Bonyeza mahali hasa utakapokaa. Kubonyeza mkoa hakutoshi, na hata jina la hifadhi halitoshi, maana Katavi ina kilomita za mraba 4,471 na upande mmoja unaweza kuwa na pete ndefu kuliko mwingine. Ukiwa kwenye mstari wa kati pete inakuwa sawasawa pande zote na inadumu zaidi. Ukisogea ukingoni inakuwa nyembamba upande mmoja, na milima ya mwezi inaikatakata kuwa shanga za mwanga. Wako wanaozifuata shanga hizo makusudi. Mgeni wa mambo haya akae katikati.

Usidhani kwamba kwa kuwa Katavi ilipata mwaka 2016, itapata tena 2031. Njia ya 2031 ina mwelekeo wake, inapanda kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, wakati ile ya 2016 ilishuka kusini-mashariki. Ramani ndiyo itakayoamua asubuhi ile uamkie hifadhi gani. Katavi, ninayoitumia hapa chini kama mfano, inaweza kuwa kituo cha siku zinazofuata, na hakuna ubaya: Mpanda, mji ulio jirani na hifadhi hiyo, umeunganishwa na Mbeya kwa barabara kupitia Sumbawanga.

Majedwali mengi ya mambo haya huandikwa kwa saa za kimataifa, na hapo wengi hujichanganya. Kuna njia fupi kwa sisi tunaohesabu saa za mchana kuanzia macheo: chukua saa ya kimataifa, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili. Kilele cha 2016 kiliandikwa 09:07. Toa tatu, saa sita na dakika saba. Ukimwambia dereva saa kumi na mbili na saba kwa kusoma simu, usishangae akija machweo.

Jambo jingine la saa. Mpanda iko mbali magharibi, na ingawa saa ya ukutani ni moja na ya Dar es Salaam, jua huchomoza Mpanda kama nusu saa baadaye. Mwishoni mwa Mei ni karibu saa moja kamili. Pete ya 2031 itafika Tanzania asubuhi, jua likiwa bado chini, kaskazini kidogo ya mashariki. Hilo linabadilisha kabisa mahali pa kukaa, na nitalirudia.

Mwezi wa mwaka unabadilisha hifadhi

Mvua za Katavi ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Mei 2031 basi si Septemba 2016. Nyasi zitakuwa ndefu, wanyama wametawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali, na Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambayo kiangazi ni mbuga za nyasi kavu, yatakuwa bado na maji. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna urafiki na gari lolote, hata liwe la magurudumu manne. Uliza lango la Sitalike barabara zipi zinapitika wiki hiyo. Barabara iliyochorwa kwenye ramani ya simu inaweza kuwa mto.

Faida yake ni nzuri vilevile. Nchi ni ya kijani, hewa imeoshwa na vumbi halijaanza. Septemba moshi wa kuchoma misitu hulifanya jua liwe jekundu hata kabla halijashikwa. Hofu ya Mei ni ukungu. Asubuhi za baridi ukungu huo hulala juu ya mbuga zenye maji mpaka jua lipate nguvu, na saa mbili asubuhi linaweza kuwa halijaupata ushindi. Kaa ukingoni mwa mbuga, mahali palipoinuka kidogo, usiingie bondeni. Ulizia wenyeji ukungu wa pale huondoka saa ngapi. Watakwambia kwa usahihi kuliko utabiri wowote wa simu.

Ziwe mbili: siku moja ya pete, siku moja ya mazoezi

Ningetaka ubaki na hili hata kama utasahau mengine yote. Fika mahali pa kutazamia siku moja kabla, saa ileile, ukae palepale kwa muda uleule.

Kwanza utajua jua litakuwa wapi. Mnamo 2016 lilikuwa karibu utosini, na mtu aliyekaa ndani ya gari lenye paa lililofunguka alitazama juu tu. Kwa jua la saa mbili asubuhi paa halisaidii; utatazama kupitia dirishani, kwa hiyo gari liegeshwe ubavu wake ukiwa mashariki ili abiria wote wapate upande mmoja. Mti mmoja mkubwa umbali wa mita thelathini unaweza kuifuta safari yako nzima. Unalijua hilo siku ya mazoezi, si siku yenyewe. Kumbuka ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka garini popote unapotaka. Yapo maeneo yaliyotengwa ya kupumzikia na kupiga kambi, na ukitaka kusimama chini na tripodi yako panga na askari mapema. Mwite afande, msalimie vizuri, mweleze unachotaka kufanya na kwa muda gani. Wengi wao nao wanataka kuona.

Pili, na hili ndilo wageni hawalifikirii, utajua wanyama wa pale hufanya nini saa hiyo siku ya kawaida. Kila kupatwa kwa jua huzaa hadithi: ng'ombe walirudi zizini, jogoo aliwika, viboko walitoka majini. Baadhi ni kweli. Mwaka 2017, kupatwa kamili kulipopita juu ya bustani ya wanyama ya Riverbanks kule South Carolina, Marekani, watafiti waliweka watu mbele ya mazizi, wakalinganisha na siku nyingine saa hizohizo. Kama robo tatu ya aina za wanyama walioangaliwa zilibadilisha tabia kwa namna fulani. Twiga walikimbia, heroe walijikusanya kuzunguka vifaranga wao, wengine wakaenda mlango wa kulala. Lakini walijua kuwa ni mabadiliko kwa sababu walikuwa na siku za kulinganisha. Kiboko aliyepiga miayo wakati wa pete huenda alipiga miayo jana saa ileile.

Na tuwe wakweli kuhusu pete. Pete si giza. Mwaka 2016 mwezi ulifunika asilimia 97 ya kipenyo cha jua, lakini ukihesabu eneo ni kama asilimia 95, na asilimia tano ya jua la mchana wa Afrika bado ni mwanga mwingi. Rangi za vitu hufifia kama picha iliyokaa ukutani miaka mingi, vivuli vinakuwa vikali ajabu, joto linapungua, upepo unaweza kubadilika. Simba hatafikiri ni usiku. Mwaka 2031 pete itakuwa nene zaidi, na mwanga utakaobaki utakuwa mwingi zaidi. Kwa hiyo usiende ukitarajia tembo wapige magoti. Tazama vidogo: ndege wanaoimba na walionyamaza, nyuki, nyenje, mbung'o. Tega sikio. Weka kinasa sauti cha simu juu ya bodi ya gari kuanzia nusu saa kabla, siku ya mazoezi na siku ya pete, kisha uje usikilize zote mbili nyumbani. Kwa maoni yangu rekodi hizo mbili zina thamani kuliko picha ya jua utakayopiga, maana picha nzuri za jua zitapigwa na maelfu ya watu wenye lenzi kubwa kuliko yako. Atakayekuwa na sauti ya Katuma atakuwa wewe.

Anayetaka giza lenyewe, la nyota mchana, aende kwingine. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 kupatwa kamili kutapita kutoka Hispania na Moroko hadi Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, na karibu na Luxor giza litazidi dakika sita. Tarehe 25 Novemba 2030 kutapita Namibia, Botswana na Afrika Kusini, na huko wanyama wapo.

Chagua maji, kaa, tulia

Saa ya pete si saa ya kuzunguka. Dereva wa utalii amezoea kusikia redioni kwamba chui ameonekana akageuza gari. Kubalianeni mapema, kabla hata ya kulipana: kuanzia saa moja kabla ya pete hadi nusu saa baada yake gari halisogei, injini imezimwa. Zima injini kwa ajili ya picha zisitikisike, na zima kwa ajili ya masikio.

Ukikaa mahali pazuri wanyama watakuja au watakuwa wapo tayari. Ndiyo maana maji ni bora kuliko pori. Kiangazi viboko wa Katuma hawana pa kwenda. Mto unapungua kwa ukame, na kwa maji yanayochukuliwa juu kwa mashamba ya mpunga, hadi mamia wanalaliana kwenye dimbwi moja la tope. Karibu na eneo la Ikuu, au hata Sitalike kwenyewe ambako mto unapita jirani na kijiji, unaweza kukaa saa tatu bila kuchoka kutazama wanavyogombana. Mbele yako una uwazi, juu una anga. Msitu wa miombo unaofunika sehemu kubwa ya hifadhi ni mzuri kwa palahala na korongo, lakini anga lake ni vipande vipande, na ndiko makao makuu ya mbung'o.

Mbung'o. Nimewataja mara mbili sasa, na yeyote aliyefika Katavi anajua kwa nini. Wanapenda kitu kikubwa kinachosogea na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo jinsi na koti jeusi viache Mpanda. Vaa kaki, nguo nene, mikono mirefu, kwani vitambaa vyepesi wanavitoboa. Dawa nyingi za kupaka za mbu hawazijali sana. Madereva wengine huning'iniza nyuma ya gari kopo lenye kinyesi cha tembo kinachofuka moshi. Harufu yake inavumilika kuliko kuumwa. Gari likisimama mahali pa wazi mbali na kichaka hupungua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua ukingo wa mbuga. Mbung'o hubeba malale. Homa yoyote baada ya safari, mwambie daktari ulikuwa wapi. Pamoja na kipimo cha malaria ataifikiria na hiyo.

Macho, na hatari ya darubini

Wakati wa kupatwa kamili kuna dakika ambazo mtu anaweza kuvua miwani. Katika kupatwa kipete hazipo. Kuanzia mwezi unapougusa ukingo wa jua mpaka unapoachia, kwa muda wa karibu saa tatu, kila jicho linalotazama jua liwe nyuma ya kichujio.

Miwani inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 12312-2. Inapitisha chini ya sehemu moja kati ya elfu thelathini ya mwanga. Ijaribu nyumbani: ukiivaa ndani, hata taa ya chumbani isionekane au ionekane kwa shida kabisa. Ikionyesha sebule yako, itupe. Agiza mapema. Wiki ya mwisho kila muuzaji atakuwa nayo na hutajua ipi ni ya kweli. Kioo cha mafundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14, na vingi vinavyozunguka mitaani ni vya namba ya chini. Picha za eksirei, miwani ya jua hata ukivaa mitatu, kioo kilichofukizwa masizi, CD: vyote hapana.

Ndoo ya maji nayo hapana, ijapokuwa imesifiwa sana. Maji yanarudisha kama asilimia mbili ya mwanga wa jua lililo juu, na hiyo ni mara mamia ya kiasi salama. Jua likiwa chini asubuhi maji hurudisha mwingi zaidi. Kwa hiyo hata kutazama jua kwenye dimbwi la viboko ni hatari ileile.

Hatari inayoihusu safari ya wanyama peke yake ni darubini. Kila mtu garini anayo shingoni. Mtu amevaa miwani ya karatasi, anainua darubini atazame pete, na lenzi inakusanya jua lote na kulipitisha kwenye karatasi ile kwa nukta moja. Kichujio kinaungua na jicho halina nafasi ya kupepesa. Kichujio cha darubini hukaa mbele, kwenye lenzi kubwa, kimefungwa kwa mkanda kisianguke, si kwenye jicho. Hali ni hiyohiyo kwa kamera yenye lenzi ndefu. Kama huna vichujio vya mbele, sheria iwe moja: darubini zote ziwekwe kwenye begi mwanzo wa kupatwa, mtu mmoja tu abaki nayo kwa ajili ya wanyama, na huyo akae amelipa jua mgongo.

Njia isiyo na gharama na ambayo watoto hufurahia zaidi ni kutazama kivuli. Chungio la jikoni, lile la matundu makubwa, likilenga jua huangusha pete ndogo kwenye karatasi nyeupe, moja kwa kila tundu. Majani nayo hufanya kazi hiyo. Chini ya mkwaju, wenye majani madogo yaliyosongamana, ardhi nzima inajaa pete. Wabende wanaamini roho ya Katabi, mwindaji wao wa zamani ambaye hifadhi imechukua jina lake, inakaa kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka pale. Ukipelekwa huko, uliza kwanza kama unaruhusiwa kukaa chini yake.

Mwislamu aliye kwenye msafara, iwe wewe au dereva, atataka kuswali swala ya kupatwa kwa jua, na ni swala ndefu kuliko nyingi. Panga mahali na wakati, ikiwezekana kambini au kwenye eneo la kupumzikia, ili asilazimike kuchagua katikati ya tukio.

Usiku wa giza totoro

Kupatwa kwa jua hutokea siku za mwezi kuandama tu, maana mwezi lazima uwe katikati yetu na jua. Maana yake kwa msafiri ni kwamba usiku uliotangulia na ule unaofuata hauna mwezi. Katavi haina miji jirani ya kuchafua anga, na Njia ya Maziwa inaonekana kwa namna ambayo mtu wa Kariakoo hajawahi kuiona. Septemba Njia ya Maziwa inasimama juu tangu mapema jioni. Mei itabidi usubiri usiku uende.

Lakini giza hilo wanalipenda na wengine. Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walichambua mashambulizi ya simba dhidi ya watu nchini Tanzania kati ya 1988 na 2009, wakakuta kwamba watu waliliwa zaidi siku za baada ya mwezi mpevu, jioni zilipokuwa na giza. Kwa hiyo kambini usitembee peke yako kwenda choo kwa kisingizio cha kutazama nyota. Mwombe askari akusindikize, zima tochi mkiwa mmesimama mahali salama, tazameni kwa pamoja. Viboko nao hutoka majini usiku kula, na hawapendi mtu aliyesimama kati yao na mto.

Kufika, kulipa, kurudi

Mpanda kuna njia nne. Ndege za Air Tanzania hutua, si kila siku. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam ni safari ndefu. Barabara ya Tabora kupitia Sikonge, Koga na Inyonga sasa ina lami, na ukipita Inyonga nunua asali. Ya nne ni treni ya Tabora, tawi linalochepuka Kaliua, lililojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Ni ya polepole na huondoka siku chache kwa wiki, ila kwa mwenye muda ndiyo njia nzuri ya kuiona miombo bila mbung'o. Kwa siku ya kupatwa usiitegemee iwe ndiyo inayokuleta, itumie kuondoka.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike ni kama kilomita 40. Jaza mafuta Mpanda na dumu la ziada. Ndani ya hifadhi hakuna kituo. Ada za Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) hulipwa kwa namba ya malipo au kadi, noti hazipokelewi langoni, na mtandao wa simu unakatika mara kwa mara, kwa hiyo lipia mjini. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, vinginevyo unaweza kutozwa kama mgeni anayelipa kwa dola, na tofauti yake inauma. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili alfajiri. Pete ya saa mbili asubuhi haimsubiri mtu aliyelala Mpanda akachelewa chai: lala Sitalike au ndani. Droni iache nyumbani. Bila kibali itachukuliwa.

Kambi za Katavi hujaa haraka kwa sababu ni chache. Kampuni za nje zinazofuata kupatwa kwa jua dunia nzima hushika vitanda miaka miwili au mitatu kabla. Ukiona 2029 inaingia hujaandika jina mahali, chukua hema na uombe nafasi ya kambi ya umma.

Pete ikivunjika, watu wengi hupiga makofi na kumwambia dereva washa gari. Baki. Mwezi bado uko juu ya jua kwa zaidi ya saa nzima, mwanga unarudi kidogo kidogo, na kama kuna mnyama aliyebadilisha tabia, ndipo utakapomwona akirudi kwenye ya kawaida. Endelea kuandika saa na unachoona mpaka mgusano wa mwisho. Baada ya hapo siku yote ni yako, na kama una siku za ziada elekea Karema, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyo magharibi ya Mpanda, ule migebuka iliyotoka majini asubuhi hiyo, kisha urudi Mpanda kuwahi treni.